Ndege Weupe ku Malisho Yetu

Ku mulima juu ya Semliki, tarehe 4 Agosti

Baba Théodore,

Leo ni miezi saba tangu nitoke Bunia. Mwili wako unaendelea namna gani? Na kifua ya mama? Mimi niko muzima, mabega tu ndiyo yamechoka. Hii ekipe, kundi yetu ya kazi inayozunguka kuangalia nyama za pori iko na vitu vizito, na siye ndio tunabeba. Lakini namushukuru Mungu. Ku pori ya Mambasa niliona okapi, matako yake mistari mistari, kama mutu aliyekalia kiti yenye rangi mbichi. Nikacheka, akakimbia. Mukubwa wa ekipe alinifokea.

Sasa tuko juu ya kwetu. Jana ukungu ulipotoka niliona bonde yote, mpaka ziwa. Ku malisho yetu kulikuwa ndege weupe wengi, wale wanaotembeaka nyuma ya ngombe. Nilisimama na muzigo ku mabega mpaka wakaniita.

Mutoto wako, Fiacre

Bunia, ku kambi ya waliokimbia vita, tarehe 11 Agosti

Mutoto wangu,

Amani kwako. Mama anakohoa kidogo tu. Dada yako Ketsia ndiye anaandika. Ndege wale hawakai bila ngombe, na ngombe haikai bila mutu. Basi watu wetu wamerudi. Jirani Jean-Pierre anasema ninaota. Nilimujibu: weye umechunga kuku tu, utajua nini? Tumefunga godoro. Loli ikipatikana, tunashuka. Asante kwa macho yako.

Baba yako

Ku mulima, tarehe 14 Agosti

Baba,

Salamu, na unisamehe haraka. Emery, yule anayetupelekea barua, anangoja na pikipiki yake. Musishuke. Niliomba ile kioo ya kuangalia mbali. Ndege wanafuata mbogo, baba. Mbogo wanalala mahali nyumba yetu ilikuwa. Hakuna moshi, hakuna mutu wetu. Wenye bunduki wangali ku njia.

Fiacre

Bunia, tarehe 2 Septemba

Fiacre,

Mabega yamepona? Emery alitukuta tumeshapanda loli. Nilishuka na hasira. Loli ilienda bila siye. Wenye bunduki waliichoma ku njia. Dereva alirudi kwa miguu, analia. Sasa kila asubuhi tunataja jina lako ku maombi, na la Emery.

Mama hataki kufungua godoro, angali anangoja kurudi kwetu. Tunalala ku mukeka. Niambie: hao mbogo wako na ndama? Majani iko namna gani?

Baba yako

Ku mulima, tarehe 20 Septemba

Baba, na mama Anastasie,

Nilisoma barua yenu nikakaa chini. Asante kwa kunisikia, mimi niliyeacha masomo ku darasa ya tano.

Ndama iko, wengi. Majani ni mafupi na safi, kama wakati wa ngombe zetu, miiba haikuota. Asubuhi nikiamka ninaangalia hao mbogo, na ninawashukuru mu roho, maana wanatutunzia malisho.

Mwambie mama afungue godoro. Kazi inaisha na Novemba. Nitafika Bunia jumapili ya kwanza ya Desemba, na huu mugongo unataka kulala.

Mutoto wenu, Fiacre