Atupele, Ulijua Kuwa Baba Hakuwa Mlevi

Mwaka umetimia, Atupele, tangu alasiri ile ya mvua tulipokulaza kwenye migomba hapa nyumbani Mpuguso, hatua chache kutoka alipolala Baba. Wengi waliokuja kukuzika walikujua kama Dokta. Sisi tulikujua kama dada mkubwa aliyemenya ndizi kwa kasi kuliko mtu yeyote, na ambaye hakugusa sahani yake mpaka kila mmoja awe amepakuliwa.

Ulipokuja likizo ulipitia kwanza kwa wagonjwa wa jirani, mpaka Mama akanuna kwamba mgeni wake ameibwa. Agness wa nyumba ya pili alikutania kuwa umesoma hadi umesahau jembe linashikwaje. Ukachukua la kwake, ukalima tuta zima, na kesho yake hukuweza kuinua mkono kuchana nywele. Ulikuwa hivyo. Mtu akikutania, ulijibu kwa vitendo.

Kazi yako ya maabara ilikuwa ngumu kuielewa, lakini ulijaribu kutueleza. Siku moja jikoni ulimwambia Mama kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo, na kuna kitu kinaitwa RNA kinachobeba nakala ya maagizo hayo kupeleka kunakofanyika kazi. Mama akasema, basi huyo ni mjumbe. Ulifurahi sana. Ukasema ndiyo, ila ana wasimamizi wanaoamua apite, asubiri, au afutwe kabisa. Wasimamizi wakizembea, chembe huzaliana ovyo, na hapo ndipo saratani inapoweza kuanza. Na mjumbe akipewa barua yenye neno moja lililorudiwa mara nyingi kupita kiasi, anakwama njiani, na ubongo unaharibika polepole. Mama akauliza kama huko ndani hakuna mwenyekiti wa kijiji wa kuwafukuza kazi. Ulicheka mpaka ukaweka mwiko chini.

Tena ulikuwa na mchezo wako. Ulitupanga uani, kila mmoja aguse pua yake, kisha aguse kidole chako, kisha atembee hadi ngazini akikanyaga kisigino mbele ya vidole. Baba alikosea kila mara. Sisi tulicheka, naye akacheka. Wewe hukucheka. Tulidhani ni uchovu wa safari.

Krismasi ya mwaka 2018 ulikuja na sindano na vichupa, ukatutoa damu sote wanne: Baba, Mama, na wadogo zako Beatrice na Jairo. Ulitupa karatasi za kuridhia, tukatia sahihi ukurasa wa mwisho bila kusoma zilizotangulia. Ulikuwa mtoto wa nyumba hii. Kusoma kwanza kabla ya kukuamini kungekuwa kama kukutukana.

Wasiotufahamu lazima tuwaeleze habari za Baba. Mzee Ezron Mwasumbi alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2015, mbele ya watu wote, sinia la vikombe vya Meza ya Bwana lilimponyoka. Miezi mingi kabla ya hapo alikuwa akipepesuka njiani na maneno yake yakivutika. Watu walishaamua anakunywa pombe ya kimpumu kwa siri. Jumapili iliyofuata alivuliwa uzee wa kanisa. Alisema hanywi. Hakuna aliyemwamini, na Mama alikuwa wa kwanza kutomwamini.

Mama ametutaka tuliandike hili bila kulipunguza. Kila jioni alimnusa mdomo. Asiponusa kitu, alisema huyu amejifunza ujanja. Alipekua migomba akitafuta chupa. Alimhamishia chumba cha nje, na Baba akalala huko miaka saba. Mwishoni hakuweza kushika kijiko, na Mama alimlisha, ila hakumsemesha. Baba alifariki Agosti 2022 akiwa bado anaitwa mlevi.

Wewe ndiye uliyeandika wasifu wake, Atupele. Ulisimama mbele ya jeneza ukasoma kwamba marehemu alisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu. Mtu mmoja kati ya wanaume waliokaa kwenye mabenchi akasema, si kwa sauti ya chini, "Maradhi ya gilasi." Wenzake wakaguna kicheko. Uliyasikia, maana uliitazama ile karatasi kana kwamba umepoteza mstari. Kisha ukaendelea na tarehe ya ndoa na idadi ya watoto.

Wewe mwenyewe ulipougua mapafu, Mama alikaa kando ya kitanda chako siku tisa. Siku ya saba ulimwomba asisahau kufyeka kaburi la Baba. Akakujibu kwamba atamtuma mtu. Uligeukia ukutani. Mama alidhani unataka kulala, akakufunika.

Miezi minne baada ya kukuzika, alikuja Prisca, mwenzako wa maabara, na begi la vitu vyako. Alikula nasi, akatusimulia jinsi ulivyokuwa wa kwanza kufika kazini. Akatoa daftari lako akidhani anatupa zawadi. Ndani hakukuwa na majina, namba tu, maana ndivyo sheria ya kazi yenu inavyotaka. Lakini pembeni ya namba moja uliandika kwa mkono wako, Machi 2019: "Baba. Si pombe. Haijawahi kuwa pombe." Prisca alieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa, kwamba mtoto wa mwenye ugonjwa huo anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, na kwamba ulikuwa unatafuta namna ya kuizuia ile barua mbovu isisomwe.

Mama alimwomba arudie tarehe. Akairudia. Mama akahesabu kwa vidole. Miaka mitatu na miezi mitano, Baba akiwa hai, katika chumba cha nje.

Prisca aliona nyuso zetu. Akasema, "Nilidhani aliwaambia." Akajaribu kukutetea. Karatasi tulizosaini zilisema majibu hayatarudishwa kwa mtu mmoja mmoja. Dawa haikuwepo. Na kumwambia Mama habari za Baba kungekuwa kuwaambia Jairo na Beatrice habari zao wenyewe, nawe hukutaka kuwapa hofu bila tiba.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dawa haikuwepo, mwanangu, sawa. Lakini hilo neno lilikuwepo. Ningekwenda kumgongea mlango."

Alimfungia Prisca mkungu wa ndizi, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi na kuketi katika chumba cha nje.

Hatuwezi kukudanganya leo eti kwa sababu ni kumbukumbu yako. Tuliumia, na bado tunaumia. Ule mchezo wa uani ulikuwa kipimo, na sisi tulikuwa tunacheka. Ulimwona Mama akimnusa baba yako kama mwizi, ukapita kwenda kuchota maji. Mgeni angetuficha tungesema ni mgeni. Wewe ulikuwa unalala kitanda kimoja na Beatrice.

Mwezi uliopita Mama alitaka kusimama kanisani na kulisafisha jina la Baba. Tatizo lilikuwa kwamba kulisafisha ni kutangaza kuwa ugonjwa umo katika damu yetu, na Jairo ana mchumba, Lightness, binti wa wakulima wa viazi kule Isongole. Mama alimwambia Jairo kwamba hatafungua mdomo bila ruhusa yake. Ameshamnyang'anya mtu mmoja heshima katika nyumba hii, wa pili hataweza. Jairo aliomba wiki moja. Siku ya tatu alipanda bodaboda hadi Isongole, akawaeleza Lightness na baba yake, Mzee Nsajigwa, kila kitu. Mzee alisukuma kikombe chake cha chai kando. Kisha akauliza, "Umekuja mwenyewe, au umetumwa?" Jairo akasema amekuja mwenyewe. Mzee akasema watamjibu. Hadi tunaandika haya hawajajibu, ila Lightness anapiga simu kila jioni. Beatrice amekwenda kupima, na majibu yake ameyaweka moyoni. Jairo hajaamua kama anataka kujua.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Mama aliomba nafasi. Wengi walidhani anatangaza kumbukumbu yako. Alishika ubao wa benchi la mbele akasema, "Mume wangu hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa. Nyie mlimvua uzee, mimi nikamvua unyumba, na sote tulikosea." Akaketi. Baada ya ibada, mwanamume yule aliyemdhihaki Baba mazikoni alimfuata nje akiwa amevua kofia. Mama akampa mkono. Wiki hiyohiyo wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakaandika upya jina la Baba katika kitabu chao.

Atupele, tunakupenda. Tunajua ulibeba peke yako mzigo uliokuwa wa sote, na ulikesha maabara kwa ajili yetu. Lakini Mama anasema kupendwa hivyo, kwa kufichwa, kulimgharimu kwaheri ya mumewe. Hajamaliza kukusamehe. Ameanza, na ametutuma tukwambie hivyo, ili usije ukasikia kwa watu.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika nyumbani Jumamosi hii saa nne asubuhi. Mama amefyeka makaburi yote mawili kwa mkono wake. Ameomba maua na wimbo wa kwanza viende kwa Baba, kisha ndipo tuje kwako. Utatusubiri kidogo.

Unakumbukwa na mama yako Elina, mjane wa Mzee wa Kanisa Ezron Mwasumbi. Wadogo zako Beatrice na Jairo. Lightness wa Isongole, aliyeomba jina lake liwekwe. Rafiki yako Prisca. Na majirani wote wa Mpuguso.

Hatutakusahau, Atupele, kwa yote uliyotufanyia na kwa lile neno moja uliloacha kutuambia.