Niongeze?

Arua, Jumanne, Machi 1994

Leo wameng'oa swichibodi yangu, ile niliyounganishia simu za watu. Meneja alishukuru kila mtu, mimi hakunitaja.

Nikamkumbuka Hamida, mfanyabiashara wa Koboko aliyetekwa miaka iliyopita, akalazimishwa kumpigia kaka yake aombe fedha. Simu iliingia kwa laini ya nne, ya ghala la tumbaku Dranya, basi nilijua watekaji walipo. Nikaita polisi kwa laini nyingine. Simu za mbali tulikuwa tukizikata baada ya dakika tatu, ila siku ile niliingilia kila zikiisha, ili wabaki kwenye simu hadi polisi wafike: "Muda umeisha, mama. Niongeze?"

"Ongeza, dada," alijibu akilia. Niliongeza mpaka nikasikia polisi wakivunja mlango.

Leo jioni nilikuwa soko la Oli nikibishania bei ya samaki. Mwanamke nisiyemjua akanishika mkono.

"Dada, sauti iko ileile! Sema tena, 'niongeze'."

Nikasema. Tukalia palepale. Samaki alilipia yeye, kwa bei ileile niliyoikataa.