Viatu vya Mwanao

Banda la Viatu, Nyuma ya Soko
Jumapili jioni, 9 Juni

Mpendwa dada yangu,

U hali gani huko ugenini? Kifua kimepoa? Na shemeji, mgongo unamwachia? Sisi wazima: tunakula, tunalala, tunagombana kidogo.

Sasa kaa chini, maana mimi naandika nimesimama! Kila ukiniuliza habari za mwanao, nakujibu "yuko sawa". Wewe ni mama, ulijua nafunika. Tangu ile ajali iliyomwachia mguu wa kushoto mfupi, hakutaka kabisa kuonekana akitembea. Alipochaguliwa kuimba peke yake kwenye mahafali ya chuo, aligoma. Hapandi jukwaani watu wamcheke.

Nikamwambia mume wangu amshonee viatu, soli ya kushoto iwe nene. Akajibu, "Sawa, sawa." Unazijua hizo sawa mbili za mwanamume aliyeinamia kazi! Soli alizikata vizuri, akabandika, akashona. Kisha si akavisimamisha mezani kama afanyavyo kila jozi? Mkono ukaenda wenyewe. Kaona kimoja kimezidi, kachukua kisu, kakipunguza mpaka vikalingana. Akaniita, meno yote nje: "Tazama, sawasawa kabisa!"

Dada, nilipiga yowe, fundi cherehani wa jirani akaja mbio na mkasi mkononi. Mahafali yenyewe kesho yake!

Shemeji yako akashika kichwa. "Lo! Nimevisawazisha viatu, mtoto nikamsahau." Akabandua soli, akaanza upya. Safari hii mwanao alisimama wima katikati ya banda, na kipimo kikachukuliwa kiunoni kwake, kuona kama nyonga zimelingana, si mezani.

Na jana alipanda, dada! Alipanda ngazi za jukwaa, mabega yamelingana, hakushika ukuta. Akaimba! Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na shemeji yako anasema eti yeye alikuwa na vumbi machoni. Mwongo mkubwa.

Leo asubuhi kaenda dukani na ndala, anachechemea katikati ya barabara, anaimba kwa sauti. Nikamwita, "Wewe, viatu!" Akacheka, "Vile vya jukwaani, mama mdogo. Watu wameshanisikia."

Msalimie sana shemeji, na wanangu wote wa huko, hasa yule mtundu. Mungu akutunze, akurudishe umsikie kwa masikio yako.

Mdogo wako akupendaye,
Mama mdogo wa mwimbaji