Pole Iliyonifikisha Kortini

Dubai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua baridi ikiingia? Na yule ng'ombe wa madoa ameshika mimba, au anaendelea kula bure? Mimi afya ninayo, chakula napata, wali hata nimeuchoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hupatikani. Jumapili Mama aliniambia umeenda mkutano wa wazee wa kanisa, nami nilikusikia ukikohoa nyuma yake. Usimgombeze, uongo hajawahi kuujua.

Barua hii inabebwa na Dada Zuhura wa Malindi, tuliyelala naye chumba kimoja humu kizuizini tangu niletwe. Yeye anarudishwa kabla yangu. Akishuka Nairobi ataikabidhi kwa watu wa basi la Kitui.

Najua mmesikia kwamba nilifungwa kwa wizi. Sasa nisikie mimi.

Pale hotelini Al Garhoud nilikuwa nasafisha vyumba. Asubuhi moja mgeni, mama wa makamo, alitoka chumbani akilia. Pete aliyoachiwa na marehemu mama yake haionekani. Alilia kama watu wanavyolia matangani. Ningefanya nini? Niliweka ndoo chini, nikamshika mkono, nikamwambia, "Sorry, madam. Sorry sana." Baba, wewe na mimi tunajua nilichosema. Nilisema pole. Kwetu mtu akijikwaa njiani tunamwambia sorry, na si sisi tuliochimba shimo. Kumbe kwa wengine sorry ni ya mwenye kosa tu. Yule mama aliacha kulia, akautoa mkono wake mikononi mwangu, akaniangalia.

Msimamizi alipofika akauliza, "Mbona unaomba msamaha? Umefanya nini?" Nikamwambia sijafanya kitu, nasikitika tu pamoja naye. Hakunielewa. Polisi nao wakauliza kama ni kweli nilisema sorry. Nikakubali, kwa sababu nilisema, na wewe ulinilea nisikane maneno yangu. Kortini mkalimani alilichukua neno lile, akaligeuza kwa Kiarabu, likatokea upande wa pili likiwa "alimwomba madam msamaha". Khalas, kesi ikaishia hapo. Mimi nilisimama pale nikitikisa kichwa kukubali, nikidhani mambo yanakwenda vizuri.

Zuhura, ambaye Kiarabu anakijua, ndiye aliyenifumbua macho baadaye, aliponisomea karatasi ya hukumu. "Umejifunga mwenyewe, mwanangu," aliniambia. "Lau ungalinyamaza, saa hii ungalikuwa kazini wafagia."

Pete haikupatikana. Walipekua kabati langu kule kambini kwa wafanyakazi, Dubai Investments Park, wakapekua mifuko, wakapekua mpaka sabuni yangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ingeonekana hata chini ya godoro la yule mama mwenyewe, ningekuwa na kitu cha kukuonyesha. Sina kitu, nina neno langu tu.

Kifungo nimekimaliza. Ninachosubiri ni kurudishwa, na nimeambiwa nisikanyage tena nchi hii. Wenzangu majina yao yakiitwa hujifunga leso na kupiga vigelegele. Mimi mlango ukifunguliwa hujificha nyuma ya Zuhura. Askari mmoja wa kike aliniona, akaniambia, "Yalla, furahi, unaenda kwenu." Nilitabasamu ili aondoke. Kwetu ndiko ninakokuogopa.

Unakumbuka ulipokuwa mwalimu wetu wa historia, ukatusimulia jinsi Waingereza walivyomkamata mwizi wa mkate, wakampakia melini mpaka Australia akavunje mawe? Darasa zima lilicheka, bahari yote ile kwa ajili ya mkate. Mimi nikakuuliza, waliporudi, baba zao waliwapokea? Ukasema wengi hawakurudi, ukaendelea na somo. Siku hizi nawawaza wale wachache waliorudi, jinsi walivyoingia mtaani kwao na nani aliwafungulia. Wao walihukumiwa kupelekwa mbali, mimi nimehukumiwa kurudishwa nyumbani, na sijui nafuu iko wapi.

Mama alidokeza kwamba watu wa mchumba wa Syombua bado hawajaleta mbuzi wa mahari. Hakusema kwa nini, nami sikuwa na moyo wa kuuliza. Kama ni kwa ajili yangu, mdogo wangu anisamehe, na hapa nasema msamaha wenyewe. Najua huko wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wewe ndiye huitwa watu wakigombania mipaka ya shamba, na hufungui mdomo mpaka usikie pande zote mbili. Upande wangu ndio huu. Naogopa, Baba. Naogopa kuliko nilivyoogopa kortini, kwa sababu yule hakimu hakuwa ananijua.

Nisalimie Mama, umwambie hawakuninyoa, nywele zangu bado zipo. Msalimie Syombua. Msalimie kaka Mutuku na mkewe, na Nyanya, ambaye kama hajaambiwa basi asiambiwe, aendelee kujua kwamba nafanya kazi kwenye jumba lenye lifti. Hata shangazi, aliyezifikisha habari zangu sokoni kabla hazijafika kanisani, naye msalimie.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo la leo. Yule askari alikuja kuuliza nani atanipokea Nairobi. Zuhura akaninong'oneza, "Mtaje mamako, au shoga yako yeyote, usijitie aibu." Nikataja jina lako. Askari akaomba namba, nikampa, akapiga palepale mbele yangu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akaniuliza kama nina jina lingine.

Nikamwambia sina.

Binti yako,
Mwende