Nilimwambia Karani Nina Mume

Bibi Siwema wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu jambo hili nimelifunga kwa mdomo wangu mwenyewe na sasa sijui nilifungulie wapi.

Mimi ni mjane wa Kornel, aliyekuwa dresa wa serikali, msaidizi wa daktari, hapa Tabora, akafa lori la idara lilipopinduka njia ya Sikonge walipokuwa wakienda kupima watu malale, na kwa kuwa alifia kazini serikali ikaamua kunilipa kila mwezi mimi na watoto wetu, kwa sharti kwamba nikiolewa tena malipo yangu yatakoma, nami nikasema moyoni, nani ataolewa tena, nikarudi Kigwa kwa wakwe zangu kulima. Basi matanga yalipoisha wazee wakafanya kama walivyofanya Wanyamwezi tangu zamani, wakaniketisha mkeka mmoja na Ngollo, mdogo wake marehemu, wakampa upinde wa kaka yake, wakasema huyu ndiye mrithi, na mimi Mkatoliki niliyefunga ndoa kanisani nilitaka kukataa, lakini nikamwona mama mkwe, Nyamizi, analia kwa furaha kwamba nyumba ya mwanawe haikufa, nikanyamaza. Padri nilimwambia kwamba Ngollo ni shemeji tu, na Bibi, ni kweli, hajakanyaga chumbani kwangu, ana mke wake Benedikta. Ananilimia, ananiezekea nyumba, na akija husimama uani akaita, "Shemeji, mko wazima?" kisha huyo anarudi kwake.

Masika yaliyopita nikaitwa Boma, ofisi ya serikali Tabora, kwa habari ya malipo yale, nikaenda na mama mkwe kwa treni maana macho yake yalitaka dawa, tukakaa benchi moja, na karani akaniuliza mbele yake, "Mama, bado u mjane, au umeolewa?" Nikamwona mama ametega sikio, nikafikiri nikisema sijaolewa nitakuwa nimeutupa upinde wa mwanawe mbele ya watu, nikajibu, "Nina mume, ni Ngollo, mdogo wa marehemu." Karani akasema malipo yangu yamekoma. Mama akanishika mkono njia nzima hadi Kigwa.

Tangu siku ile sijarudi Boma kwa aibu. Binti yangu Marcelina, aliyebakiza kidogo kumaliza shule ya masista, yuko nyumbani anatwanga na kunitazama, na mama mkwe anasema kuna kijana wa Igalula anamposa, tumwoze tupumue. Nikienda kukana niliyoyasema, mama atavunjika moyo na Ngollo ataitwa mwanamume aliyekataliwa. Nikinyamaza, mwanangu shule basi. Najuta, Bibi, najuta sana. Nifanyeje?

Mama Marcelina, Kigwa

*

Mama Marcelina, marahaba. Pole kwa msiba, na pole kwa huo mkono ulioshikwa njia nzima. Hapo nilisoma mara mbili nikalia. Sasa nimejifuta machozi, nikugombeze.

Padri ulimwambia lako, wazee ukawanyamazia, na karani ukampa la tatu. Mwanamke mmoja, majibu matatu! Ulimhurumia mama mkwe, na huruma hiyo ni njema, ila uliitoa kwenye shule ya mtoto ambaye hata hukumuuliza.

Halafu nani alikuambia watoto nao wamekatwa? Nimemuuliza mtu anayezijua kazi hizo, naye anasema sehemu ya mjane hukoma akiolewa, lakini ya watoto ni yao mpaka wakue, na binti akiolewa ndipo yake hukoma. Karani alikuambia malipo yako, mama, hakusema ya Marcelina. Umekaa Kigwa unalilia kitu ambacho hukwenda kukichukua! Na ukiipokea hiyo posa ya Igalula utakuwa umemfungia mlango mwenyewe. Mwambie kijana asubiri, na asipoweza kusubiri aende zake salama.

Ya kwako sikuahidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililosemwa Boma ni maji. Huenda wakakukatalia. Hata hivyo nenda ukaseme kweli, na uende kwa utaratibu. Anza kwa Ngollo na mkewe, Benedikta asikie kwa masikio yake. Kisha nyote watatu mwendeeni mama Nyamizi, umwambie wewe mwenyewe asije akayapata kisimani. Atalia, mwache alie. Mwambie upinde unabaki pale pale, kwa sababu kazi ya mrithi ni kuilinda nyumba ya kaka yake, na Ngollo anailinda akiwa uani kuliko waume wengi wanaolala ndani. Halafu pandeni treni, wewe na Ngollo, mumpitie padri aliyekufungisha ndoa awe shahidi, na huko Boma Ngollo aseme kwa kinywa chake kwamba wewe ni shemeji yake.

Karani akikuuliza tena, mtazame yeye, usitazame benchi. Mwambie mume wako ni Kornel na amekufa. Najua ni neno gumu, mwanangu, na nadhani hata siku ile hukulikwepa kwa ajili ya mama mkwe peke yake. Liseme. Kisha rudi nyumbani umfungie Marcelina sanduku lake la shule.