Pemba Yenye Harufu ya Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Mashine ya maabara imegoma tena. Fundi kaja, kaigongagonga, kaondoka. Mchana ikakubali. Nimepima damu za wajawazito wa Mkuyuni. Baadhi zina madini ya risasi kupita kiasi. Na ya Neema imo. Mdogo wangu! Nilimwomba damu awe mfano wa mtu asiye na shida. Mimba ya miezi saba. Nimerudia kupima. Jibu lile lile. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepekua mkoba wake. Umejaa pemba, ule udongo wanaotafuna wajawazito. Aliniahidi ameacha. Tumegombana. "Dada, beba mimba kwanza ndipo uje unihubirie," kaniambia. Imeniuma sana. Ila kasema anakonunua: kwa Mama Kulwa, sokoni.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa. Nimepima pemba za wauzaji wote wa pale. Za wengine zina risasi kidogo. Ya Mama Kulwa imezidi mno. Na wote wanaletewa mzigo kutoka shimo moja la udongo, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga. Basi tatizo si shimo. Kuna kitu kinatokea nyumbani kwake. Mkuu wangu anataka niandike ripoti, nisubiri. Nisubiri nini? Mimba haisubiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Kulwa. Nimekaribishwa vizuri, hadi aibu. Uani mumewe anayeyusha risasi ya betri mbovu za magari, anatengeneza vizito vya kuzamishia nyavu. Akimaliza, Mama Kulwa anatandaza pemba juu ya makaa yale yale ishike moshi. Wateja ndio wanataka. Isiyonukia moshi hainunuliwi, anasema. Pacha wake, Kulwa na Doto, wanachezea majivu.

Nimesema kila kitu. Mzee kafura, eti nimekuja kuwaua njaa. Sikubishana naye. Nimemwomba mama damu ya pacha. Kakubali.

Jumatano, 12 Machi

Damu ya pacha ni mbaya kuliko ya Neema. Nimepeleka majibu mwenyewe. Mama Kulwa hakulia. Kamwaga beseni zima la pemba kwenye shimo la taka, kisha kang'oa mafiga ya mumewe, katupa nje ya uzio. Mzee kafoka. "Kayeyushie kwa mama yako!" kamjibu. Nilitamani kumkumbatia. Pacha wanaanza hospitali kesho, nawapeleka mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Neema hanisemeshi. Lakini anameza vidonge vya madini ya chuma, anakunywa maziwa, anakula dagaa. Pemba kaacha kweli. Nimepekua tena. Anune tu, mradi anakula.

Jumanne, 15 Aprili

Damu ya Neema imeshuka. Haijashuka ninavyotaka. Nimempikia dagaa mwenyewe, nimeunguza. Kala wote. Kacheka.

Jumapili, 11 Mei

Kajifungua alfajiri, salama. Wa kike. Kalia kwa nguvu, nami nikalia. Neema kaniambia, "Chukueni damu ya kitovu, upime. Na usinifiche."

Nimefungua maabara peke yangu. Risasi imo. Kidogo, chini sana kuliko ya mama yake ile ya Machi. Lakini imo.

Nimerudi wodini, nimemwambia. Kauliza mtoto atapimwa tena lini. Nimemwambia. Kisha kanipakatisha mtoto. "Mshike, nilale kidogo."

Nimemshika. Wote wawili wamelala.