Ndagala Zilizogeuzwa kwa Kijiti

Mujukuu wangu Saidi,

Amahoro, amani iwe kwako. Hapa Rumonge tuko wazima, mama yako amenenepa. Wewe tu hupigi simu.

Unasema saa ya programu yako inazidi kuchelewa kulia, kila kompyuta kivyake, na shefu wako wa kazi anaitaka iwe imetengenezwa Ijumaa. Sikiliza. Zamani kule Minago nilianika ndagala, vile visamaki vya ziwa letu, mchangani, dada yangu Zena kwenye chanja. Yeye aligeuza, akakaa, ndipo akaanza kuhesabu muda. Kila mara akachelewa zaidi, zikashikana. Mimi nilisimika kijiti, nikapanga mawe asubuhi, kila jiwe saa yake ya kugeuza. Kivuli kikigusa jiwe, nainuka hata kama sijapumzika.

"Umeolewa na kijiti!" alinicheka.

Kesho yake alikuja kutazama kivuli changu. Za chanja na za mchangani tukazigeuza kwa kufuata kivuli cha kijiti kimoja.

Panga mawe yako kwanza: weka saa za kulia mapema, usihesabu baada ya kazi kuisha, na kompyuta zote zifuate saa moja. Na Ijumaa nipigie, usichelewe kama hiyo saa yako.

Bibi yako